Chipsi za viazi vitamu za kuoka: kijue kiazi kabla ya kuwasha oveni

Watu wengi huoka chipsi za viazi vitamu mara moja wakaachana nazo. Zinatoka zimelegea katikati, zimeungua kwenye ncha, na lawama zote zinaangukia oveni. Mara nyingi oveni haina kosa. Maelekezo mengi tunayoyafuata yameandikwa kwa ajili ya Marekani na Ulaya, ambako kiazi kitamu cha dukani kwa kawaida ni cha rangi ya chungwa ndani, chenye maji mengi. Sokoni kwetu, iwe Buguruni au Kisumu, kiazi kinachopatikana zaidi ni cheupe au cha manjano hafifu ndani, kikavu, chenye unga. Viazi hivi viwili haviokwi sawa. Cheupe tulichozoea kukichemsha na kukila na chai ya asubuhi kinatoa chipsi kavu nje na laini ndani bila kuhangaika sana. Cha chungwa nacho kinatoa chipsi nzuri, ila kinataka msaada.

Vipimo vyote humu ni vya kilo 1 ya viazi, inayotosha watu 4 wakila na kitu kingine, au 2 wenye njaa.

Sokoni

Viazi vikiwa kwenye mafungu, anza kwa kumuuliza muuzaji, maana anavijua kuliko wewe. "Mama, shikamoo. Hivi vya unga au maji?" Ukiuliza hivyo anajua mara moja kuwa unataka kupika kitu, na mara nyingi atakuambia ukweli: "Marahaba mwanangu. Hivi vya Gairo, vya unga kabisa, ukichemsha vinapasuka. Vile vya pale maji, chukua kama unapika futari." Kwa chipsi chukua vya unga. Kiazi maji utakioka, utakisubiri, utakigeuza, na bado kitajikunja ukikinyanyua.

Usidanganyike na rangi ya ganda. Ganda jekundu au la zambarau linaweza kuwa na nyama nyeupe kama maziwa, na ganda la kahawia hafifu linaweza kuficha chungwa iliyokolea. Muombe muuzaji akukatie kimoja, au ukwaruze kwa ukucha sehemu ndogo karibu na ncha. Angalia pia umbo. Kiazi kilichonyooka, chenye urefu wa kiganja na unene wa ngumi, kinakatika vizuri. Vile vikubwa mno huwa na nyuzi, na vyembamba vilivyopinda vinaishia kwenye maganda.

Jambo ambalo sitaki ulipuuze ni tundu za fukusi. Kiazi chenye vitundu vidogo vyeusi kwenye ganda, hasa vikiwa na harufu kali ukikinusa, kimeshaliwa ndani. Mdudu akishaingia, kiazi chenyewe hutengeneza kemikali chungu za kujilinda, na uchungu huo husambaa zaidi ya pale alipopita. Kupika hakuuondoi. Kukata sehemu mbaya na kutumia iliyobaki ni kujidanganya, kwa sababu kipande kimoja kichungu kinaharibu trei nzima. Rudisha, au tupa.

Ukifika nyumbani usiviweke kwenye friji. Kiazi kitamu ni zao la joto. Kikikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzijoto 12 za sentigredi au hapo karibu, sehemu ya katikati inakuwa ngumu na haiivi hata ukikipika muda mrefu. Usiviache kwenye mfuko wa plastiki pia, vitatoa jasho na kuoza. Kikapu kilicho wazi, mahali pakavu penye hewa na kivuli, kinatosha. Kadiri kiazi kinavyokaa ndivyo sukari inavyoongezeka ndani yake. Kwa kuchemsha ni jambo jema, ila kwa chipsi ni bora usivikalishe wiki nyingi.

Kuhusu viazi vya rangi ya chungwa

Viazi lishe, kama vinavyoitwa Tanzania, vimeenea sana Afrika Mashariki katika miaka hii. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watu wanne, na watatu kati yao, Maria Andrade, Jan Low na Robert Mwanga, walitunukiwa kwa kazi yao ya kukuza na kusambaza viazi hivi barani Afrika. Mwanga ni Mganda, na ni miongoni mwa waliozalisha Kabode na Vita, mbegu ambazo wakulima wengi wa ukanda huu wanazijua. Sababu ya juhudi zote hizo ni beta-karotini, ile rangi ya chungwa yenyewe, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Gramu 125 tu za viazi hivi, kwa aina nyingi, zinatosheleza mahitaji ya siku ya vitamini A ya mtoto mdogo. Viazi vyeupe havina kitu hicho kwa kiasi cha maana. Na beta-karotini huingia mwilini vizuri zaidi ikiliwa pamoja na mafuta, kwa hiyo yale mafuta kidogo ya kwenye chipsi yana faida zaidi ya ladha.

Kwa hiyo kama una watoto nyumbani, usikiache kiazi cha chungwa kwa sababu tu kinasumbua kwenye oveni. Kuna njia ya kukituliza, nitaieleza. Unaweza pia kuchanganya nusu kwa nusu, mradi uvioke kwenye trei mbili tofauti, kwa sababu haviivi kwa muda mmoja.

Unavyohitaji

- Viazi vitamu kilo 1
- Konflawa, yaani ule wanga mweupe laini wa mahindi unaouzwa kwenye pakiti ndogo: vijiko vikubwa 2 kwa viazi vyeupe, 3 kwa vya chungwa. Sembe haifai hapa, inabaki na mchanga mdomoni.
- Mafuta ya alizeti au mengine ya maji: vijiko vikubwa 3
- Paprika kijiko cha chai 1 na pilipili manga nusu kijiko
- Chumvi, ya mwisho kabisa

Trei mbili zitakusaidia kuliko kiungo chochote kilichoko hapo juu.

Kumenya na kukata

Osha viazi kwa brashi kwanza, ndipo umenye, ili udongo wa ganda usihamie kwenye nyama. Kisha paka mikono mafuta kidogo. Ukikata kiazi kilichochimbwa karibuni utaona nukta nyeupe zikichomoza polepole kuzunguka ukingo, karibu na ganda, halafu zinakua kuwa matone. Huo ni utomvu, unanata, na ukikauka kwenye vidole unakuwa mweusi na sabuni haiutoi kirahisi. Mafuta mkononi na kwenye kisu yanamaliza tatizo hilo.

Kata ncha mbili. Kata ubavu mmoja mwembamba upate sehemu bapa, kisha kilaze kiazi juu ya ubapa huo kisikimbie chini ya kisu. Kiazi kitamu kibichi ni kigumu na kinateleza, na watu wengi wanajikata hapa. Sasa kata mabamba ya unene wa sentimita 1, yapange mawili mawili, na uyakate tena kwa unene huohuo. Urefu si muhimu. Unene ndio muhimu, kwa sababu kijiti chembamba kitakuwa kimeshaungua wakati mwenzake mnene bado mbichi ndani. Vile vipande vya pembeni vilivyokaa kama kabari viweke kando. Vitaingia kwenye uji wa mtoto au mchuzi wa kesho.

Kila unachokata kitumbukize kwenye bakuli la maji baridi. Nyama nyeupe ikikaa hewani inabadilika kuwa ya kijivu.

Kuloweka na kukausha

Acha vijiti kwenye maji kwa dakika 30. Baada ya muda maji yatakuwa meupe, na ukiyamwaga taratibu utakuta wanga umetuama chini ya bakuli. Wanga huo ungebaki juu ya vijiti ungevigandisha vyenyewe kwa vyenyewe na kuungua mapema. Suuza mara moja kwa maji mapya. Usitie chumvi kwenye maji ya kulowekea.

Kukausha ndiyo hatua ambayo watu wanaifanya haraka, na ndiyo inayoamua mambo. Maji yakiwa juu ya kijiti, joto la oveni linatumika kuyachemsha kwanza. Na maji yakichemka hayapiti nyuzijoto 100, ilhali kijiti hakianzi kupata rangi na kukauka nje mpaka juu yake pawe na joto kubwa zaidi ya hapo. Katika muda huo wote unakuwa unavipika kwa mvuke, huvioki. Kwa hiyo chuja vizuri, tandaza kitambaa safi cha pamba mezani, hata kanga kuukuu iliyofuliwa, mwaga vijiti juu yake, vifunike na uvikandamize. Kisha vifunue na uviache chini ya feni dakika 10. Kijiti kilichokauka vya kutosha, ukikipitisha kati ya vidole hakitelezi, kinakwaruza.

Kwa nini joto liwe kali tangu mwanzo

Ndani ya kiazi kitamu kuna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari. Kinafanya kazi kwa nguvu kiazi kikiwa kati ya nyuzijoto 60 na 75 au zaidi kidogo, kisha joto likipanda kinakufa. Kiazi kizima kilichofukiwa kwenye majivu ya moto jikoni kwa bibi kinapita katika joto hilo taratibu sana, ndiyo maana kinatoka kitamu mpaka kinatoa asali kwenye ganda. Kwa kiazi cha kuchoma hilo ndilo tunalolitaka.

Kwa chipsi tunataka kinyume chake. Wanga ukibaki wanga, kijiti kinasimama. Ukigeuka sukari, kinalegea ndani na kuungua nje. Kwa hiyo kijiti kipite haraka katika joto hilo la kati, na njia pekee ni oveni iliyokwisha kupata moto kamili kabla trei haijaingia. Ukiweka trei kwenye oveni ya vuguvugu ukisema itapata moto humo humo, umevipa vijiti nafasi ya kujitengenezea sukari.

Kuiandaa oveni

Iwashe kwa nyuzijoto 220 vijiti vikiwa bado vinapigwa feni. Yenye feni ndani, 200. Ipe dakika 15 hadi 20, hata kama taa imeshazima.

Namba zilizoandikwa kwenye kitufe si za kuamini sana, hasa kwenye majiko ya gesi yaliyotumika miaka mingi. Kuna kipimo cha bei ndogo. Sukari nyeupe huyeyuka kwenye nyuzijoto 186 hivi. Kunja foili iwe kisahani, weka kijiko kimoja cha sukari, ipange oveni kwenye 190, na ikishapata moto kamili iweke humo dakika 15. Sukari ikibaki punje punje, oveni yako iko chini ya inavyosema. Rudia siku nyingine kwa 175. Ikiyeyuka hapo, iko juu. Ukishalijua hilo utaongeza au kupunguza kila mara, na hata keki zako zitanufaika.

Majiko mengi ya gesi yana moto wa chini tu. Humo weka trei katikati kwenda juu kidogo, la sivyo upande wa chini utaungua wakati wa juu ukiwa umepauka. Oveni ndogo za umeme za mezani nazo zina tatizo la kinyume: waya wa juu uko karibu mno. Weka trei katikati kabisa, na uoke kwa awamu mbili badala ya kujaza.

Kwa wanaowaza LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: oveni ya wati 2000 ikiwaka saa nzima mfululizo inakula uniti 2, lakini kwa kawaida inajizima na kujiwasha ikishafika joto uliloipangia, kwa hiyo kazi hii nzima inakaa chini ya hapo. Ukitoa chipsi, kama una mkate au kuku wa kuoka, mtumbukize wakati moto upo.

Konflawa kwanza, mafuta baadaye

Mpangilio huu usiugeuze. Weka vijiti vikavu kwenye bakuli kubwa, nyunyiza konflawa pamoja na paprika na pilipili manga, kisha vipige kwa mikono miwili kutoka chini kwenda juu mpaka kila kijiti kivae vumbi jepesi. Pasibaki mahali penye unga mkavu uliolundikana. Ndipo umimine mafuta, na uchanganye tena mpaka ule weupe upotee na vijiti ving'ae. Ukianza na mafuta, konflawa itafanya mabonge.

Konflawa inanyonya unyevu unaotoka ndani ya kijiti na kukauka kuwa ngozi nyembamba. Kwa kiazi cheupe cha unga unaweza hata kuiacha, chipsi zitakuwa nzuri ila zitalainika mapema zaidi. Kwa cha chungwa usiiache.

Chumvi bado. Chumvi inavuta maji kutoka ndani kuja nje, na wewe umetoka kuhangaika kuyakausha. Kitunguu saumu pia bado, kiwe kibichi au cha unga. Kwa joto hili kinaungua na kuwa kichungu kabla chipsi hazijaiva.

Kuoka

Kwa viazi vyeupe napendelea trei tupu iliyopakwa mafuta kidogo na kuachwa ndani ya oveni wakati inapata moto. Itoe kwa uangalifu ukiwa na vitambaa vinene, kwa sababu nayo iko nyuzijoto 220, mwaga vijiti, utasikia vinachachatika. Kwa viazi vya chungwa tumia karatasi ya kuokea, kwa sababu sukari yake inanata kwenye chuma na utaacha nusu ya chipsi kwenye trei. Angalia kwenye pakiti ya karatasi kama inavumilia 220. Foili si mbadala mzuri, inashika vibaya kuliko chuma.

Panga vijiti kwa safu moja, visigusane. Najua inashawishi kuvirundika vyote kwenye trei moja ili umalize. Kilo 1 haienei kwenye trei moja ya kawaida. Vikibanana, mvuke wa kimoja unamlowesha jirani yake, na kazi yote ya kukausha imepotea. Tumia trei mbili, ya juu na ya chini, na uzibadilishane nafasi wakati wa kugeuza.

Dakika 15 za kwanza usifungue mlango. Kila ukifungua, joto linashuka sana. Baada ya hapo toa trei, geuza vijiti kwa mwiko bapa au koleo. Kijiti kilicho tayari kugeuzwa kinaachia chenyewe. Kinachong'ang'ania kipe dakika 2 tena. Rudisha.

Kutoka hapo macho yafanye kazi kuliko saa. Vyeupe huchukua dakika 10 hadi 12 nyingine. Vya chungwa 8 hadi 10, na dakika 3 za mwisho usiondoke jikoni, kwa sababu vinatoka kwenye dhahabu kwenda kwenye weusi ghafla. Unachotafuta ni kingo za kahawia hafifu, na nyuso zenye malengelenge madogo madogo yaliyokauka. Rangi ya dhahabu inatosha. Kuviacha viwe vya kahawia iliyokoza kunaleta uchungu, na vyakula vya wanga vikiunguzwa hivyo hutengeneza kemikali ya akrilamaidi kwa wingi zaidi, ambayo wataalamu wa afya wanashauri tuipunguze.

Sasa zima oveni, acha mlango wazi kiasi cha upana wa mwiko, na viache vijiti ndani dakika 5. Mvuke uliobaki unatoka na ngozi inakazika. Kwa viazi vya chungwa hatua hii ndiyo inayovinyoosha. Acha hata dakika 8.

Chumvi na kupakua

Vikitoka tu, vikiwa bado na moto na mafuta yanang'aa juu, nyunyiza chumvi laini kijiko cha chai kisichojaa. Ikingoja vikapoa haitashika. Hapo ndipo unapoweza kuongeza kitunguu saumu cha unga, au binzari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa, ambayo kwangu mimi inakaa na kiazi kitamu kuliko kiungo kingine chochote. Ndimu ikamuliwe mezani, kila mtu kwenye sahani yake, dakika anayokula.

Usivifunike. Hotpoti ni adui wa chipsi hizi, kwa sababu mvuke unarudi juu yake na ndani ya dakika chache zinalegea. Kama wageni wamechelewa, ziache kwenye trei ndani ya oveni iliyozimwa, mlango wazi.

Chatine ya kula nazo

Tomato sosi ya dukani ina sukari, na kiazi nacho kina sukari. Mdomo unachoka upesi. Chipsi hizi zinataka kitu kichachu na kikali. Chukua ukwaju wa kujaa kiganja, uloweke kwenye kikombe 1 cha maji ya moto kwa dakika 20, ukamue kwa vidole mpaka kokwa zibaki tupu, chuja. Bandika kwenye moto mdogo pamoja na punje 2 za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi vilivyotwangwa pamoja, pilipili mbuzi 1 iliyopasuliwa katikati, nusu kijiko cha chai cha binzari nyembamba na chumvi. Ichemke taratibu mpaka iwe nzito na iache njia ukipitisha mwiko. Usitie sukari. Toa pilipili mapema kama kuna watoto. Inaweza kutengenezwa wakati viazi vinalowa, na ikipoa inakaa kwenye friji siku kadhaa.

Asiyependa ukwaju achukue mtindi mzito, atie chumvi, dania iliyokatwa ndogo na kitunguu saumu kidogo. Kachumbari yenye embe bichi pia inafaa sana msimu wake ukifika.

Kama huna oveni

Wanaooka keki kwa mkaa wa juu na chini wanaweza kuoka hizi pia. Tumia sufuria pana na nzito, ipashe moto kwanza kavu, paka mafuta, tandaza vijiti safu moja tu, funika kwa mfuniko bapa wa bati na upalie mkaa juu. Moto mwingi uwe juu, chini uwe wa kiasi, la sivyo vitashika. Kila baada ya dakika 10 inua mfuniko mvuke utoke, ufute maji yaliyoganda ndani yake, na ugeuze vijiti. Inachukua muda mrefu kuliko oveni na inabidi uoke kidogo kidogo. Hapa chagua kiazi cheupe cha unga, cha chungwa kitakuangusha.

Wenye mashine ya kukaangia kwa hewa wafuate hatua zote za mwanzo, ila mafuta yawe kijiko kikubwa 1, nyuzijoto 190, gramu 400 kwa mara, na watikise kikapu kila dakika 5 mpaka ziive.

Kwa wenye kisukari, na kwa kinachobaki

Kuna dhana kwamba kwa kuwa hazikukaangwa kwenye mafuta mengi, basi mwenye kisukari ale atakavyo. Mafuta ni kweli yamepungua sana. Lakini kiazi kitamu kilichookwa hupandisha sukari ya damu haraka kuliko kilekile kikichemshwa. Mzee mwenye kisukari mpakulie kidogo, pamoja na mboga za majani na samaki au maharage, au umchemshie vyake.

Zilizobaki zipoe kabisa, kisha ziweke kwenye friji ndani ya chombo chenye karatasi ya jikoni chini. Zilale siku 2, si zaidi. Zikishapikwa friji haizidhuru. Kuzipasha, usitumie maikrowevu, utapata kitu cha mpira. Zirudishe kwenye oveni ya nyuzijoto 200 kwa dakika 6 hadi 8, au kwenye kikaango kikavu kisicho na mafuta, moto wa wastani, ukizigeuza mpaka zikauke tena. Chumvi onja kwanza kabla ya kuongeza.